Kusukuma nyimbo za Lamu na Malindi nje ya mipaka: Zanzibar, Moroni, Muscat, Marseille, Milano

MwanaMkomani (Lamu)

Assalaam alaykum wadau. Swali la kutangaza wimbo katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja limeulizwa hapa mara nyingi na majibu yametawanyika, kwa hivyo tuyaweke mahali pamoja. Tuchukue mfano mmoja na tuufuate: EP ya nyimbo 5, taarab ya Lamu yenye udi, fidla na kinanda, mashairi ya Kiamu, lahaja ya Lamu. Msanii hana lebo. Anataka asikike Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar, Komoro, Oman, Ufaransa, Italia na Uingereza.

Kinachoua kampeni nyingi za namna hii ni taarifa moja kutumwa kwa anwani 300 kwa siku moja. Mhariri wa Muscat, mtangazaji wa Moroni na mwandishi wa London hawana haja moja, hawapumziki siku moja, na Kiswahili hawakisikii kwa kiwango kimoja. Mafaili yawe ya pamoja. Tarehe, barua na sababu ya kusikiliza, kila nchi na yake.

Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kutoka, ambayo tangu Julai 2015 soko la dunia limeiweka Ijumaa.

Wiki 12 kabla, masta (rekodi za mwisho) ziwe zimekwisha, tena zimekwisha kweli, kwa sababu majarida ya kuchapishwa hufunga kurasa zao miezi 2 hadi 3 kabla. Songlines ya London, inayoandika muziki wa dunia tangu 1999, haiwezi kuhakiki kazi iliyoifikia wiki ya kutoka. Toleo lake limeshakwenda kiwandani. Anayetaka maneno ya jarida la karatasi huanzia hapa, au aache kabisa jarida la karatasi na pesa zake azipeleke redioni.

Wiki 8 kabla, pakia kazi kwa msambazaji wa kidijitali. Msambazaji huomba wiki 3 au 4. Hizo nyingine ni za kurekebisha makosa, na makosa yatakuwepo. Wimbo ukishaonekana ndani ya akaunti ya Spotify for Artists, uwasilishe kwa wahariri wake. Mwisho wa kanuni ni siku 7 kabla ya kutoka, la sivyo hauingii hata kwenye Release Radar, orodha ya nyimbo mpya ya wafuasi wako. Siku 7 ni ukingo wa bahari, usisimame hapo. Wasilisha wiki 4 kabla. Unapewa nafasi ya wimbo mmoja tu na maelezo ya herufi 500, kwa hivyo chagua ule unaoeleweka bila mashairi.

Wiki 6 kabla, redio na waandishi wa mitandaoni wapate linki ya siri. Wiki 3 kabla, wakumbushe mara moja. Wiki ya kutoka ni ya nyumbani: Pwani FM, Baraka FM na Radio Kaya, ambako mtangazaji hana haja ya kujua wiki 6 mapema, ana haja ya wimbo mkononi na msanii studioni.

Baada ya kutoka, bakisha nguvu za wiki 6. Hapo ndipo redio za Ulaya huanza kucheza, na wasanii wengi wakati huo wamekwisha kuishiwa.

BintiShela

Waalaykum salaam, kaka. Mpango ni mzuri, ila kalenda ya nchi zetu haikubali kuhesabiwa kwa wiki tupu.

Kwanza Ramadhani. Husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa 2026 na 2027 inaanza Februari. Redio za Pwani, Zanzibar na Komoro hubadilisha vipindi mwezi huo: kasida na mawaidha ndani, taarab ya mapenzi nje. Ukitoa wimbo wa mapenzi siku 10 kabla ya mwandamo umeuzika. Ama utoke wiki 5 kabla ya mfungo upate kuzoeleka, ama usubiri Idi. Na Idi ni nafasi ya dhahabu kwa taarab, kwa sababu harusi hufungwa kwa wingi baada yake na wimbo wa harusi husafiri wenyewe.

Pili Oman. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Barua uliyoituma Alhamisi jioni mtu ataiona Jumapili ikiwa chini ya nyingine 100. Watumie Jumapili au Jumatatu asubuhi. Na msitafute wahariri wa Kiarabu peke yao: Muscat kuna jamii kubwa inayozungumza Kiswahili, na wao ndio watakaousambaza wimbo kwa WhatsApp kabla gazeti halijaamka.

Tatu Agosti. Ufaransa na Italia zimefunga. Italia wiki ya tarehe 15 Agosti usimtafute mtu. Lakini Komoro mambo ni kinyume. Julai na Agosti ndipo wanaoitwa je-viens hurudi kutoka Marseille na kwingineko kwa ajili ya harusi kubwa za ada, na muziki unalia kila usiku. Kwa hivyo Komoro isukumwe Julai, na Ufaransa isukumwe mwishoni mwa Septemba, wakati watu haohao wamerudi Marseille na wimbo wako vichwani mwao. Ukizitenga nchi hizi mbili katika mpango, ukampa mtu mwingine Moroni na mwingine Paris bila wao kujuana, umeukata mkondo huo.

Na Kenya inapiga kura Agosti 2027. Miezi miwili kabla yake vipindi vya mchana vitajaa siasa. Panga mapema.

KijanaWaNgomeni (Malindi)

Shukran kwa maelezo. Mimi niko upande wa Malindi. Kazi ninayoisimamia ni ya Kigiriama, ngoma na gitaa, singo moja. Msanii anaamini kwa kuwa Waitaliano wamejaa mjini kwetu, Italia ndiyo nchi rahisi kuanza. Ni kweli? Na ni lazima kuandika taarifa kwa Kiitaliano?

KaskaziMalindi

Kwa Kiitaliano, ndiyo. Taarifa ya Kiingereza Italia husomwa na wachache, na magazeti ya mikoa hayataitafsiri kwa niaba yako. Ukurasa mmoja, maneno 250 hadi 300, uandikwe na Mwitaliano mwenyewe, si na programu ya kutafsiri. Hapo Malindi humkosi wa kuupitia.

Urahisi wake ni wa namna yake, kijana wangu. Mtalii aliyekaa Malindi si mwandishi wa habari. Anachoweza kukupa ni masikio na ushahidi wa mji wake. Fanya hivi: bango dogo la ukubwa wa A5 lenye msimbo wa QR, mapokezi ya hoteli na mahali bendi inapopiga, kwa idhini ya mwenye hoteli. Msimbo uende kwenye linki moja ya kuchagua jukwaa, usiende YouTube moja kwa moja. Msimu wenyewe ni Desemba hadi Machi, kisha Julai na Agosti. Aprili hadi Juni ni masika na hoteli nyingi hulala. Uking'amua miezi 3 baadaye kwamba wasikilizaji wamejikusanya Bergamo au Brescia, hapo ndipo unamwandikia mhariri wa gazeti la mji huo, na sababu ya kukusikiliza unayo: wasomaji wake wameshaanza.

Februari mwachie Sanremo, tamasha lao kubwa la nyimbo. Wiki hiyo waandishi wote wa muziki wa Italia wako huko, hata wasioandika pop.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: Malindi ziko mbili. Ukituma taarifa Zanzibar andika "Malindi, Kenya" katika mstari wa kwanza. Unguja, Malindi ni mtaa wa Mji Mkongwe, na msomaji atadhani msanii ni wa kwao mpaka afike nusu ya ukurasa, kisha aone kama amedanganywa.

FundiWaMasta

Naongeza upande wa mafaili, kwa sababu kampeni nyingi hufia hapo na watu wakailaumu redio.

Kava: 3000 kwa 3000 piseli, JPG, bila namba ya simu wala nembo za mitandao. Msambazaji atairudisha ikiwa nazo, na kila kurudishwa ni siku kadhaa.

Sauti: WAV ya biti 24 au 16, 44.1 kHz. Kwa waandishi na redio andaa pia MP3 ya 320 kbps. Wimbo wa dakika 4 kwa WAV ya biti 16 ni kama MB 42. Kwa MP3 ya 320 ni kama MB 9.6, kwa 128 haifiki MB 4. Usibandike WAV kwenye baruapepe, itarudi au itajaza sanduku la mtu na hatakusamehe. Weka linki ya kusikiliza moja kwa moja, na pembeni linki ya kupakua isiyoisha muda. Linki za bure zinazokufa baada ya siku chache ndizo adui: mtangazaji anafungua barua wiki ya pili, anakuta hakuna kitu, anasonga mbele. Kwa WhatsApp tuma wimbo kama dokumenti. Video ukiituma kama video inabanwa mpaka sura zinayeyuka.

Ndani ya MP3 jaza jina la msanii, jina la wimbo, mwaka, ISRC (namba ya kuitambulisha rekodi) na simu ya mawasiliano. Faili lenye jina "final final 2" likiingia kwenye kompyuta ya studio limepotea kama sindano ufuoni.

ISRC ina herufi na tarakimu 12 na ni ya rekodi, si ya utunzi. Kila toleo lina yake. Toleo la redio lililokatwa linahitaji ISRC mpya, na la ala tupu vilevile. Ukitumia moja kwa yote, hesabu za kuchezwa zinachanganyika na malipo yanakwama.

Sasa kukata taarab. Wimbo wa dakika 9 hauingii kwenye kipindi cha asubuhi popote duniani. Toleo la redio liwe kati ya 3:15 na 3:45. Usilikate kwa kufifisha sauti mwishoni. Huo ni ukataji wa uvivu na shairi linabaki bila mwisho. Toa bashrafu (utangulizi wa ala), bakisha mizani 4 au 8 za muziki wa fidla, beti 2 zenye hoja, kiitikio mara mbili, na umalizio wenyewe wa bendi. Mkato uingie pale udi unapopumua, kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Mtunzi wa shairi aulizwe ni beti zipi zinabaki: beti 2 zikikatwa vibaya fumbo linageuka tusi. Toleo refu lisitupwe. Vipindi vya usiku vya muziki wa dunia huko Ulaya hulipenda refu, na Zanzibar watalitaka lenyewe, si kipande.

MwanaMkomani (Lamu)

Ahsante fundi. Juu ya mashairi: kila wimbo uwe na karatasi yake ya tafsiri, na tafsiri ianzie Kiamu kwenda Kiswahili sanifu kwanza, ndipo iende Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Ukimpa mtafsiri wa Paris aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni mstari wenye neno "ndoo", atakuandikia chombo cha kutekea maji, ilhali mpenzi anaitwa aje. "Mato" atayatafuta kwenye kamusi asiyaone, na ni macho tu. Mtangazaji wa kigeni hahitaji tafsiri ya kila neno. Anahitaji mistari 3 ya kusema kabla ya wimbo: ni nani anamwambia nani nini, na fumbo lake limekaa wapi. Mpe pia jinsi ya kutamka jina la msanii, kwa sauti, rekodi ya sekunde 5. Hili peke yake limefungua milango mingi.

DadaWaForodhani

Habari zenu. Niko Unguja. Wengine huandika kwamba "ukishamalizana na BASATA Tanzania imekwisha". Si sahihi. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni ya Bara. Zanzibar ina BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Hakimiliki nayo ni hivyohivyo: Bara ni COSOTA, huku ni COSOZA. Redio kucheza wimbo wako ni jambo moja. Wewe kuja kupiga jukwaani ni jambo jingine na linataka kibali cha msanii wa kigeni, kwa kila upande peke yake. Muombaji huwa mwenyeji, yaani hoteli, ukumbi au mwandaaji, siyo wewe kutoka Lamu. Kwa hivyo safari ya matangazo ya siku 4, Dar kisha Unguja, ipate wenyeji wawili, na maombi yaanze mapema, nakala za mashairi na pasipoti zikiwa tayari.

Kwenu Kenya kumbukeni saa za watoto: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku video na maneno lazima yafae familia nzima. Video yenye sehemu moja tu ya kutia shaka itachezwa saa 5 usiku au haitachezwa. Tengenezeni toleo safi tangu kwenye uhariri, si baada ya kukataliwa.

Na Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na hufanyika Mji Mkongwe Februari, si mahali pa kupeleka CD siku ya tamasha. Maombi ya kupiga hufungwa miezi mingi kabla. Lakini waandishi na waandaaji wa Ulaya huwa hapa siku hizo, wametulia, wanakunywa kahawa. Kukutana na watu 6 uliowaandikia barua kabla ni bora kuliko kugawa kadi 100.

KijanaWaNgomeni (Malindi)

Dada, shukran sana. Swali la pili: ni bora kuajiri kampuni moja ya London ishike nchi zote, au mtu mmoja kila nchi?

NahodhaWaMikataba

Kwa bajeti ya msanii asiye na lebo, wala moja wala nyingine. Ajiri mtu mmoja kwa nchi moja au mbili za kigeni ambazo una dalili nazo, nyingine zishughulikie mwenyewe. Kampuni ya London ina nguvu Uingereza. Ufaransa itamtuma mtu mwingine na kuongeza asilimia yake juu, na huko Moroni haina mtu wa kumtuma.

Mkataba wa mtu wa matangazo uwe na haya, na kila moja lina sababu.

Eneo litajwe kwa majina ya nchi. "Ulaya" si eneo. Ujerumani, Austria na Uswisi huenda pamoja. Ubelgiji ndipo ugomvi huzuka, maana vyombo vya Kifaransa vya Brussels mtu wa Paris huviona vyake, na mtu wa Amsterdam naye huviona vyake. Barua mbili tofauti zikifika kwa mhariri mmoja, huacha zote.

Aina ya kazi itajwe: magazeti na mitandao ni kazi ya mtu mmoja, redio ni ya mwingine. Ni nadra mtu kuziweza zote mbili sawasawa.

Muda: miezi 3 kwa EP au albamu, wiki 6 kwa singo. Malipo yagawanywe, sehemu mwanzoni, sehemu katikati baada ya ripoti, sehemu mwisho. Hakuna mkweli atakayekuahidi idadi ya makala. Anachoweza kuahidi ni orodha ya aliowaandikia, tarehe, na walichojibu, kila wiki. Asiyetaka kukuonyesha majibu ya "hapana", usimlipe sehemu ya pili, kwa sababu "hapana" ndizo zinazokuambia kosa liko kwenye wimbo, kwenye tarehe au kwenye barua.

Kodi: ukimlipa mtu asiye mkaazi wa Kenya ada ya utaalamu, sheria yetu inadai kodi ya zuio ya asilimia 20. Mikataba ya kodi baina ya nchi inaweza kuipunguza, na Kenya inayo na Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Liandikwe mapema kama bei ni kabla au baada ya kodi. Bila hivyo yeye anasubiri 1,000, unamtumia 800, na kampeni inasimama wiki ya 2 kwa ugomvi. Upande wa kupokea, jazeni fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, kwa msambazaji na YouTube. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mapato ya watazamaji wa huko hukatwa asilimia 30. Usipojaza, unaweza kukatwa zaidi ya inavyostahili.

Orodha ya anwani: usinunue. Ulaya ina GDPR, sheria ya kulinda data, tangu 2018, na Kenya tuna sheria yetu ya kulinda data ya 2019. Anwani 40 ulizozitafuta mwenyewe, ukijua kila mmoja alicheza nini mwezi uliopita, zinazidi 2,000 za kununua. Tuma moja moja kwa programu ya kuunganisha majina. Ukiwaweka watu 40 kwenye safu moja ya baruapepe wakaonana, umekwisha.

BintiShela

Naunga mkono, na naongeza saa. Wazungu wakikuuliza saa ya mahojiano, usiandike "saa 3". Andika 09:00 EAT (saa za Afrika Mashariki) kwa mtindo wa saa 24, na saa ya mji wao pembeni. Saa yetu na London hupishana kwa saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto. Paris na Roma ni 2 kisha 1. Wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatubadilishi kitu. Ijumaa saa 4 asubuhi ya London wakati wa baridi ni saa 7 mchana Lamu, yaani msanii yuko msikitini. Mahojiano mengi huanguka hapo hasa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kutoka wimbo na kila mtu anataka kuzungumza siku hiyo. Sogezeni Alhamisi.

Mahali nako: chumba cha ndani chenye makuti au mazulia, mbali na barabara ya ufuoni. Simu ya pili irekodi sauti ya msanii palepale, karibu na mdomo, kwa WAV. Mtandao ukikatika, mnawatumia rekodi hiyo na mhariri anaiunganisha na maswali yake. DW Kiswahili ya Bonn na RFI Kiswahili wanaikubali vizuri sauti safi ya namna hiyo, kwa sharti imefika siku ileile.

KaskaziMalindi

Hapo kwenye "siku ya kutoka" kuna mtego mwingine: haki ya kuwa wa kwanza. Tovuti ya Paris inataka kuonyesha video kabla ya watu wote, televisheni ya Nairobi nayo imeahidiwa hivyo hivyo, na video ni moja. YouTube haina mpaka wa Kenya na Ufaransa kwa macho ya mwandishi. Dawa ni kugawa vitu, usigawe saa: video kwa mmoja, sauti ya wimbo wa pili kwa mwingine, mahojiano na mashairi yaliyofasiriwa kwa wa tatu. Andika kwenye jedwali nani amepewa nini, na juu ya taarifa iwe wazi: "Isitangazwe kabla ya Alhamisi, 12:00 EAT". Zuio hilo halina nguvu kama wimbo tayari umevuja kwenye status za WhatsApp za wanabendi. Wanabendi wote waambiwe, mpaka mpiga dumbaki.

Linki ya kuchagua jukwaa nayo ipangwe kwa nchi: Kenya na Tanzania Boomplay na YouTube juu, na kwa Kenya namba ya Skiza, huduma ya milio ya simu (hupatikana kupitia kampuni yenye mkataba na Safaricom, si kwa msambazaji wa kawaida), Oman Anghami, Ufaransa Deezer karibu na juu, Italia na Uingereza Spotify. Ukiwa na linki moja isiyopangwa, msikilizaji wa Muscat anakutana na majukwaa asiyoyatumia.

KijanaWaNgomeni (Malindi)

Kuna mtu ameniandikia ananiuzia strimu 50,000 za "wasikilizaji wa kweli wa Ulaya" kwa wiki mbili. Bei ni ndogo. Nimkatae?

FundiWaMasta

Mkatae leo. Tangu 2024 Spotify huwatoza wasambazaji kwa nyimbo zinazokutwa na strimu bandia nyingi mno, na msambazaji huihamishia tozo hiyo kwako, au huushusha wimbo kabisa, na namba zote ulizokusanya kwa jasho zinakwenda nao. Dhara kubwa zaidi ni kwenye ramani yako: ukiona miji usiyoijua imepanda ghafla, huwezi tena kujua kama Bergamo ni ya kweli. Tangu mwaka huohuo wimbo usiofika strimu 1,000 katika miezi 12 haulipwi na Spotify, na ndiyo maana watu huingiwa na tamaa. Kufika 1,000 kwa watu wa kweli wa Malindi, Mombasa na Unguja kunawezekana kabisa.

Na biti, yaani mdundo wa wimbo. Kama ni ya kukodi isiyo yako peke yako, usiisajili kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua haki za muziki. Wengine 30 wameikodi pia, mtadaiana, na video itafungiwa mapato katikati ya kampeni.

MzeeWaMashairi (Lamu)

Wanangu, mmesema mengi ya maana. La haki limebaki nyuma, nami naliweka.

Katika taarab mwenye shairi, mwenye muziki na mwenye sauti mara nyingi ni watu watatu. Karatasi ya mgao iandikwe na kutiwa saini kabla ya faili la kwanza kutoka Lamu: jina kamili, sehemu ya kila mmoja kwa asilimia, jumla 100, na namba ya IPI (ya kumtambulisha mtunzi kimataifa) ya aliye mwanachama wa chama cha hakimiliki. Jina liandikwe namna moja kila mahali. Shariff wa herufi mbili na Sharif wa moja, kwa mashine ni watu wawili, na pesa za mmoja hukaa bila mwenyewe.

Shairi la kale: hakimiliki ya Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Utendi wa karne ya 19 ni huru, lakini andikeni jina la mtunzi kama linajulikana, wala asijiandike mtu mwingine. Ngoma za Mijikenda na za kwetu zina sheria yake ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi. Kijana wa Ngomeni, zungumza na wazee wa ngoma hiyo kabla, na kibali chao kiandikwe kwenye taarifa. Mwandishi wa Ulaya siku hizi huuliza.

Na picha za wanawake kwenye harusi na lelemama zisitumike bila ruhusa yao kwa maandishi, hata zikiwa nzuri vipi. Picha ya taarifa ipigwe kwa ajili yake: mbili za mlalo na mbili za wima, 300 dpi, jina la mpiga picha chini.

NahodhaWaMikataba

Shikamoo mzee, na shukran. Nimalizie na kuhesabu matokeo. Jedwali moja, safu hizi: nchi, chombo, kipindi, tarehe ya barua, jibu, tarehe na saa ya kuchezwa, toleo lililochezwa, ISRC. Kila Jumatatu weka pembeni yake miji 10 ya juu kutoka Spotify, Boomplay na YouTube. Usitazame jumla, tazama mji uliopanda siku 3 baada ya kuchezwa. Marseille ikipanda baada ya Moroni, ongeza barua Marseille. Usipoona kitu Uingereza baada ya barua 2, acha. Barua ya tatu huharibu jina la msanii kwa kazi yake ijayo.

Redio ikicheza Ulaya, safu ile ya tarehe, saa na kipindi ndiyo unayoipeleka kwa chama chako cha hakimiliki wakadai kwa vyama vya huko: SACEM ya Ufaransa, PRS ya Uingereza, GEMA ya Ujerumani au SIAE ya Italia. Usajili wa utunzi uwe umefanyika kabla ya kuchezwa.

KijanaWaNgomeni (Malindi)

Shukran sana mzee, na nyote. Usajili haujafanyika na karatasi ya mgao hatuna. Nasogeza tarehe ya kutoka wiki 6 mbele. Nikikwama kwenye mgao wa wapiga ngoma nitauliza hapahapa.

MzeeWaMashairi (Lamu)

Marahaba. Uliza mapema, kabla hamjarudi studioni. Wapiga ngoma wakitajwa majina yao kwenye mgao, hata kwa sehemu ndogo, huja mazoezini.